Dakika Kumi na Nne za Kelele

Majina siandiki. Niliahidi kwa maandishi, nikatia saini mbele ya kamati ya maadili ya idara, kwamba hakuna mshiriki wa utafiti wangu atakayejulikana. Kwa hiyo huyu ninayemsimulia ni Mshiriki wa Nne. Nje ya karatasi za chuo ni wifi yangu, mke wa kaka yangu wa pekee, na ndiye aliyenifundisha lugha ya kwao tangu alipoingia nyumbani kwetu na sanduku moja na kamusi mbili.

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya tafsiri. Utafiti wangu ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuufanya. Unampa mfasiri mzoefu ukurasa mmoja, unamwekea kinasa sauti mezani, unamwambia: tafsiri, na kila kinachokupitia kichwani kiseme kwa sauti. Usichague. Ukikwama sema umekwama, ukiwashwa mgongo sema unawashwa, na lugha itakayokujia ndiyo hiyo hiyo. Cha muhimu usinyamaze. Kisha mimi naketi na kunukuu yote, pamoja na vikohozi, na kila kimya nakipima kwa sekunde. Dakika moja ya sauti hunila nusu saa ya maisha.

Ukurasa niliowapa wote ulikuwa maagizo ya kufunga jiko la gesi, hatua kumi na mbili. Mshiriki wa Kwanza alimtukana mtengenezaji wa jiko mara ishirini na mbili, nikazinukuu zote, maana kanuni ni kanuni. Wa Pili aliimba. Wa Tatu alilala dakika ya kumi na sita akakoroma mpaka betri ikaisha, na msimamizi wangu akasema hiyo nayo ni data. Msimamizi huyo tulimwita Rula, kwa sababu husoma kazi ya mwanafunzi akiwa ameweka rula chini ya mstari, na haishushi mpaka mstari umemridhisha. Kwa Mshiriki wa Nne alikuwa na hamu kuliko wote. Wifi alikuwa akitafsiri vikaratasi vya dawa kwa miaka kumi na moja, lakini kichwani aliwaza kwa lugha ya kwao, ambayo katika mji wetu mzima waliijua watu wawili tu: yeye na mimi.

Jumatatu asubuhi nilipitia nyumbani kwa kaka kuchukua kinasa sauti nilichokuwa nimemwachia wifi. Wifi alisimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Mdomo wa chini ulikuwa umevimba upande mmoja na shavu limebadilika rangi.

"Kabati," akasema kabla sijauliza. "Nilijigonga kwenye mlango wa kabati."

"Makabati yenu siku hizi yana ngumi?"

Nilisema kwa utani. Nina mdomo, kila mtu anajua nina mdomo, na huwa nautumia mahali ambapo hauna kazi. Wifi hakucheka. Alinitia kinasa mkononi, akavifumba vidole vyangu kwa mikono yake miwili.

"Wifi, sikiliza mpaka mwisho. Usiruke."

"Lini nimewahi kuruka mimi?"

"Usiruke," akarudia, akafunga mlango.

Saa nane mchana nilikuwa kwenye chumba cha kusikilizia cha idara. Meza sita, kompyuta sita, vipokea sauti vyenye sponji iliyoliwa na masikio ya miaka mingi. Nakala ya sauti niliitoa hapo hapo na kuikabidhi kwa Rula aifungie kabatini, maana ndiyo taratibu: nakala moja ya mwanafunzi, moja ya idara. Kisha nikavaa vipokea sauti. Kwa dakika ishirini na tano alikuwa ndiye wifi ninayemjua. Alibishana na hatua ya kwanza, akaicheka hatua ya nne, akasema aliyeandika hatua ya tano hajawahi kuliona jiko hata kwa mbali. Yote hayo kwa lugha ya kwao, haraka haraka, kama mtu aliyevua viatu vilivyokuwa vinambana. Nilikuwa nacheka peke yangu.

Dakika ya ishirini na sita mlango ukapigwa teke.

"Unaongea na nani?"

Ilikuwa sauti ya kaka yangu.

"Na mashine. Ya masomo ya dada yako," akajibu wifi kwa lugha yetu.

"Nilikwambia nini kuhusu lugha hiyo ndani ya nyumba yangu? Unafunga mlango uongee na mashine?"

Kilichofuata nilikisikia kwa masikio yote mawili, karibu mno, kwa sababu kinasa kile nilikinunua mwenyewe na ni kizuri. Kofi. Kiti kikaanguka. Kofi jingine, na hili lilikuwa na kitu kigumu ndani yake, labda pete. Nikamsikia wifi akivuta pumzi. Kisha akaanza tena kusema, kwa lugha ya kwao, kwa sauti ile ile ya kusoma, taratibu, bila kupanda wala kushuka.

"Hatua ya saba. Mume wangu amenishika nywele. Hatua ya nane. Amenigonga uso kwenye meza mara moja. Mara mbili. Hatua ya tisa. Anachomoa waya wa pasi. Anaukunja mara mbili."

Kaka haijui lugha hiyo hata salamu. Alidhani mkewe anaendelea kusoma ukurasa wangu kwa ukaidi. Alicheka, kicheko kifupi cha puani ninachokijua tangu nikiwa mtoto.

"Eeh, soma! Msomi wewe! Soma kwa sauti tukusikie!"

Waya ukashuka. Akasoma. Waya ukashuka. Akasoma. Kila pigo lilikuwa na hatua yake, na kila hatua ilisema mahali: bega la kushoto, mgongo, mkono uliokinga uso. Alipofika hatua ya kumi na tano, na maagizo ya jiko yana kumi na mbili tu, nikavivua vipokea sauti nikavitupa mezani. Nilikuwa dakika ya thelathini na tatu. Nikakimbilia chooni nikatapika.

Niliporudi sikuvivaa tena. Nikaitazama sauti kwenye kioo cha kompyuta, ile michoro inayopanda na kushuka. Vilele virefu viliendelea mpaka dakika ya arobaini. Baada ya hapo mstari ulikuwa karibu umelala mpaka dakika ya arobaini na saba, mwisho. Nikaandika: "Dakika 26 hadi 40: kelele za nyumbani. Dakika 40 hadi 47: kimya."

Nampenda kaka yangu, na sisemi nilimpenda. Wazazi walikufa nikiwa na miaka tisa na yeye kumi na tisa. Aliacha shule akabeba mizigo sokoni ili mimi nisiache. Alinisuka nywele vibaya, watoto wakanicheka, akajifunza mpaka akanisuka vizuri. Mikono ile ile. Nilikaa mbele ya kompyuta nikajaribu kuitenganisha mikono ya nywele zangu na mikono ya nywele za wifi, na sikuweza, na badala ya kulia nikaandika kelele.

Na haikuwa mara yangu ya kwanza kuandika. Mwaka uliotangulia wifi alivunjika taya. Hospitali nesi alinipa fomu nijaze, kaka akasimama nyuma ya bega langu akanisomea: "Ameanguka kwenye ngazi." Wifi alikuwa kitandani, kichwa kimefungwa bandeji, macho wazi. Nikaandika kwa mwandiko mzuri. Nyumba yao ni ya chini, imekaa juu ya ardhi tupu. Haina ngazi hata moja.

Jumatano Rula aliniita ofisini. Rula yake ilikuwa chini ya mstari wangu ule na haikuwa ikisogea.

"Kelele gani za nyumbani huchukua dakika kumi na nne? Walikuwa wanabomoa ukuta?"

"Ni watoto, mwalimu."

"Mshiriki wa Nne hana watoto. Umeandika mwenyewe kwenye ukurasa wa tatu." Akavua miwani. "Binti, mwanafunzi akiandika upuuzi kwa sababu hajui, namfundisha. Wewe unajua. Nenda kasikilize tena, na usirudi hapa na neno kelele."

Nilitoka nimekasirika, nikamtukana kwenye korido kwa lugha mbili. Niliapa nitasikiliza kesho yake. Ndiyo, kesho yake, kama mtu anayeahirisha kufua.

Kesho yake saa nne asubuhi jirani wa kaka alinipigia simu. Alisema nije hospitali na nisiulize kitu.

Wifi alikuwa amelazwa chumba cha mwisho, mpira kinywani, mashine ikimsaidia kupumua. Nilimtambua kwa miguu. Uso ulikuwa umejaa mpaka macho yamebaki mistari miwili. Mkono wa kulia, ule wa kuandikia, ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Kaka alikuwa kwenye kiti pembeni analia, na ni machozi ya kweli, simsingizii. Fulana yake ilikuwa na matone ya damu.

"Nilikuta karatasi kwenye droo," akaniambia. "Anakubali sauti yake inukuliwe, ametia saini, na jina lako chini. Mnanirekodi. Wewe na yeye mnanirekodi nyumbani kwangu."

Ile ilikuwa fomu ya ridhaa. Nimewafanya wote waisaini, na nikawaachia nakala yao, kwa sababu ndivyo tunavyofundishwa: mshiriki abaki na nakala.

Nesi akaingia na fomu na kalamu. "Nani ndugu anayejua kilichotokea?"

Kaka akafuta uso kwa kiganja. "Mpe huyu mdogo wangu, ana mwandiko mzuri." Akageuka kwangu, sauti imekuwa laini. "Andika kama siku ile."

Nikajaza jina la mgonjwa. Nikajaza umri. Nikafika kwenye ule mstari mrefu, kalamu ikakaa juu yake mpaka wino ukafanya doa. Nikaacha mstari mtupu nikamrudishia nesi fomu. Sikuwa shujaa. Nilishindwa tu kuandika lile neno mara ya pili, na la kweli nalo sikuliandika. Kaka aliliona doa, akaniona na mimi, na machozi yakakata palepale.

Mchana huwa nafanya kazi kwenye duka la fotokopi karibu na chuo. Ijumaa saa saba mama mwenye duka alikuwa stoo nyuma anahesabu rimu za karatasi, na mimi nilikuwa peke yangu kaunta. Kaka akaingia. Aligeuza kile kibao cha mlangoni kiseme tumefunga, akasukuma komeo.

"Kile kidude kiko wapi?"

"Toka, kaka. Niko kazini."

Hakuwa amewahi kunipiga maishani. Kofi la kwanza lilinishangaza kuliko kuniuma; nilibaki nimesimama na mdomo wazi kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. La pili lilinitupa juu ya mashine ya fotokopi. Akanishika nywele kisogoni, akanigonga shavu kwenye kioo, na mkono wangu uliotapatapa ukabonyeza kitufe. Mwanga ukapita chini ya jicho langu. Mashine, mjinga yule, ikatoa nakala.

"Kiko wapi?"

"Kwenye mkoba," nikasema, maana damu ilikuwa inaingia kooni.

Akaniachia. Akaumwaga mkoba sakafuni, daftari, kitana, funguo, akakipata kinasa, akakiweka juu ya vigae akakikanyaga kwa kisigino. Kikavunjika mara ya kwanza. Akakanyaga tena. Akaendelea kukanyaga vipande mpaka vikawa unga mweusi, akihema, na nikaona kwamba mtu huyu akianza hajui pa kuishia.

Kwenye kaunta kulikuwa na stepla kubwa, ile ya kubania vitabu, chuma kitupu, nzito kama tofali. Niliishika kwa mikono miwili. Alipoinua kichwa nikampiga nayo kwenye paji la uso. Akayumba. Ningeweza kukimbia hapo; komeo lilikuwa hatua tatu. Nikampiga tena. Alipiga goti, akainua mkono kukinga uso, ule mkono, nikaupiga mkono. Nikasikia kitu kikivunjika ndani yake, na nakiri kwamba nilifurahi. Nilikuwa nasema kitu kwa sauti kila nikipiga. Mama mwenye duka alikuja kuniambia baadaye kwamba nilikuwa nahesabu.

Yeye ndiye aliyenivuta. Alinikumbatia kwa nyuma, akanibana mikono, akapiga kelele mpaka mtaa mzima ukajaa mlangoni. Vijana wa duka la simu walivunja komeo wakamkalia kaka mpaka polisi wakafika. Damu yetu ilikuwa sakafuni pamoja, na usingeweza kusema ipi ya nani. Wakati wananitoa nje mama mwenye duka aliinama kwenye trei ya mashine akachukua ile nakala, shavu langu na nusu ya jicho vimebanwa kwenye weusi, akamkabidhi askari.

Mpelelezi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini na daftari lenye jalada gumu. Jumamosi asubuhi aliniweka mbele ya meza yake, jicho langu moja limefumba.

"Nakwambia ukweli, dada. Kaka na dada kupigana dukani, naye kaumia kuliko wewe, na hataki kukushtaki. Anasema ni mambo ya nyumbani. Kufika saa kumi na moja jioni sina cha kumshikilia."

"Na mkewe, afande?"

"Mkewe kaanguka, ndivyo anavyosema. Jirani kasikia kelele tu. Fomu ya hospitali haina kitu. Mgonjwa haongei." Akafunga daftari. "Akitoka leo, jioni yuko pembeni ya kile kitanda. Ni mume. Akitaka kumhamisha, atamhamisha. Akitaka mashine izimwe, ataulizwa yeye kwanza. Kama una kitu, nipe sasa."

Nilikuwa nacho. Nilimpigia Rula nyumbani kwake, siku ya mapumziko, na yule mzee ambaye hajawahi kunipa hata siku moja ya nyongeza alikuja na nakala ya idara ndani ya bahasha, amevaa kandambili. Hakuuliza kuhusu jicho. Alisema, "Fomu ya ridhaa inasema kwa ajili ya masomo tu. Nimeisoma njia nzima. Nikiulizwa nitajibu mimi." Akaketi kwenye benchi la korido, mikono kwenye magoti.

Mpelelezi akachomeka nakala kwenye kompyuta yake, akasikiliza dakika mbili za sauti ya kaka na sauti ya wifi, akasimamisha.

"Haya makofi nayasikia. Wakili wake atasema ni kiti, ni mlango. Huyu mama anasema nini?"

"Anawaza kwa lugha ya kwao."

"Mfasiri wa lugha hiyo hapa mjini sina. Wa mahakama atapatikana wiki ijayo, labda. Kwa leo nina wewe tu. Wewe ni dada wa mtuhumiwa, najua, na utatia saini kwamba umetafsiri kwa uaminifu. Ukinidanganya leo sitajua."

Nikaomba maji. Nilipokuwa korido wakampitisha kaka, kichwa kimefungwa bandeji, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Akasimama. Askari alimwacha asimame, maana sisi ni ndugu. Aliongea kama siku zile ananisuka.

"Mdogo wangu. Alikuwa anasoma tu, si ndiyo? Maagizo ya jiko. Wewe peke yako ndiye unayejua. Nani atakubishia?" Machozi yakamjaa. "Mimi ndiye niliyekulea."

"Ndiyo, kaka," nikamwambia. "Ni wewe."

Akaitikia kwa kichwa kwa shukrani, akadhani nimekubali. Na niseme kweli: mlango ulipofungwa nyuma yangu, nikiwa na glasi mkononi, nilikuwa sijui bado nitasema nini. Nilikuwa na hatua kumi na mbili za jiko kichwani, nazijua kwa moyo, zingetoka bila kigugumizi. Unganisha mpira. Kaza kibano. Hakikisha hakuna harufu.

Mpelelezi akabonyeza.

Katika kazi yetu kuna sheria moja wanayokupigilia kama msumari tangu wiki ya kwanza: mfasiri wa mdomo hasemi "anasema amepigwa". Anakaa ndani ya mtu, anasema "nimepigwa". Niliufungua mdomo, na kilichotoka ni hiki.

"Hatua ya saba. Mume wangu amenishika nywele. Hatua ya nane. Amenigonga uso kwenye meza mara moja. Mara mbili."

Mpelelezi akaanza kuandika. Nikaendelea. Waya wa pasi nikausema. Bega la kushoto nikalisema. Nilipita dakika ya thelathini na tatu, mahali nilipovivua vipokea sauti, nikaingia nisikokujua, na huko hatua zilifika ishirini na sita. Hatua ya ishirini alinikanyaga mkono. Hatua ya ishirini na tatu alinishika shingo na niliona taa inakuwa ndogo. Hatua ya ishirini na sita alisema akinisikia tena naongea lugha hii ataniua, akaenda kunywa maji. Nilisema yote kwa "mimi", kwa sauti tambarare kama yake, na jasho lilikuwa linanidondoka kwenye meza ya serikali.

Dakika ya arobaini mlango wa kwenye kinasa ukafungwa. Mpelelezi akashusha pumzi, akanyoosha mkono azime.

"Ndiyo mwisho?"

"Hapana, afande. Zimebaki dakika saba."

"Zina nini?"

"Sijui. Kwenye kazi yangu niliandika kimya. Sikusikiliza."

Alinitazama kidogo, akauondoa mkono.

Kulikuwa na kimya kweli, nikakipima bila kutaka: sekunde tisa. Kisha wifi akasema, na mdomo wake ulikuwa umeshavimba, maneno yalitoka yamelowa. Nikamfuata.

"Ameondoka. Ninachowaza sasa. Ninawaza sufuria iko motoni. Ninawaza jino langu limeangukia wapi, mtu asije akalikanyaga. Ninawaza wifi yangu, atakayekaa na kunukuu haya." Hapo sauti yangu ikakatika.

"Endelea," akasema mpelelezi.

"Wifi, ninakujua. Ukifika hapa utaandika kelele. Siku ile hospitali ulikuwa na kalamu mkononi. Taya langu lilikuwa limefungwa, siwezi kusema, nikakutazama. Nikakutazama mpaka ulipoandika ngazi. Nyumba yetu haina ngazi, wifi. Sikukuchukia. Nilisema moyoni, huyu ni mwanafunzi, bado anajifunza. Sasa umeshajua. Nimekufundisha mwenyewe. Kwa hiyo hii ya leo iandike."

Mpelelezi alisimamisha sauti. Nje ya dirisha mtu alikuwa anafagia ua, ufagio ukikwaruza saruji.

"Huyu wifi anayesemeshwa," akauliza, kalamu tayari, "ni nani? Aliyeandika ngazi. Nahitaji nimwite."

"Ni mimi, afande."

Kalamu yake ikasimama juu ya karatasi. Nilimwona anafikiria kuniachia. Alikuwa mwanamke mwema, na jicho langu lilikuwa baya kulitazama.

"Andika," nikamwambia.

Akaandika. Nilimtazama mpaka alipomaliza mstari na kuweka nukta, kisha nikabonyeza kitufe mwenyewe, maana zilikuwa zimebaki dakika tatu.